Sauti Iliyosema Lala Chini

Nilimpenda kwa masikio kabla sijampenda kwa macho.

Jumapili ile tulipotoka ibada, mama hakuvua kitenge chake cha kanisani. Aliketi kwenye kiti kinachoelekea mlango, Biblia mapajani, akangoja. Mimi nilifagia mahali nilipokwisha kufagia. Mvua ilikuwa imepita Bukoto, mtaa wetu hapa Kampala, na kuacha harufu ya udongo, na mwanga wa alasiri uliingia dirishani polepole kama mgeni anayeona haya.

"Blandine," mama akaita.

"Mama."

"Unakumbuka yenye uliahidi?"

"Ninakumbuka."

"Sema nisikie."

"Ukiona iko mutu ya bunduki, nitaondosha mashini mu nyumba, na sitasema naye tena."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya Mungu," nikasema, nikaendelea kufagia.

Mashine yenyewe aliiacha Bienfait, mtoto wa mama mdogo, alipopata safari ya Kanada. Watu wetu wakipata safari huacha godoro, sufuria na jiko. Bienfait alituachia televisheni, mashine ya gemu na pedi mbili za kuchezea. Akaniambia, "Dada, kwenye simu tutaulizana hali mpaka tuchoke. Njoo humu ndani, tutembee pamoja." Humu ndani, maana yake ni katika mchezo wa vita uitwao Kikosi.

Sikuwa na hamu na bunduki. Siku ya kwanza nilijificha nyuma ya ukuta nikamwambia Bienfait kwamba mimi nitabaki hapo niangalie mawingu. Alicheka mpaka akakohoa. Lakini mchezo ule hauchezwi na mtu mmoja. Mnaingia wanne wanne, kila mtu nyumbani kwake, huyu Kanada, yule Kampala, mwingine Mombasa, na mnasikiana masikioni kana kwamba mmeketi jamvi moja. Mto mnaovuka ni wa uongo na mlima mnaopanda ni wa uongo, lakini hofu mnayogawana ni ya kweli kabisa. Mtu ambaye hujui hata sura yake anakuambia, "Pita, mimi naangalia nyuma yako," nawe unapita. Katika miaka yetu yote ya ukimbizi, nani alikuwa amewahi kuniambia maneno hayo?

Obita ndiye aliyeniambia.

Alikuwa na chumba cha gemu Wandegeya, karibu na hosteli za wanafunzi. Jioni wateja wake walipotoka kwenda kula rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai, alikaa kwenye kiti kimoja kati ya vile vitupu na kuingia kwenye kikosi chetu. Kiswahili chake kilikuwa kifupi na kimenyooka, kwa sababu alizaliwa na kukulia katika kambi ya jeshi, ambako watu wa kila kabila hukutana katika lugha hiyo. Kicheko chake ndicho kilichokuwa kirefu. Katika mchezo alichagua kila siku kuwa tabibu wa kikosi. Askari akiangushwa, hafi papo hapo; hulala chini akingoja, na mwenzake akimfikia kwa wakati, huinuka. Obita alikimbia katikati ya risasi kama mtu aliyesahau mtoto sokoni.

Pambano likiisha, kabla ramani haijafungwa, askari wetu wawili walibaki juu ya kilima wakitazama jua lisilozama.

"Bukavu," aliniita hivyo, kwa jina la mji tulioukimbia, "huko kwenu ziwa iko namna hii?"

"Ziwa letu ni zuri kuliko hilo."

"Wewe unasema tu."

"Sisemi tu. Asubuhi linakuwa na rangi ambayo haina jina."

"Basi siku moja utanionyesha, tuipe jina."

Nilizima mashine nikalala na maneno hayo kama mtu aliyelala na ua chini ya mto.

Halafu jioni moja waya wa hedifoni ulichomoka. Sauti ya Obita ikajaa nyumba nzima: "Lala chini! Lala chini! Usiinuke, nakuja!" Jikoni sahani ikaanguka. Nilikimbia, nikamkuta mama kifudifudi sakafuni, mikono juu ya kichwa, kitenge kimemwagikiwa maharage. Hakulia. Aliniuliza kwa sauti ndogo, "Bamesha kwenda?"

Nilimwinua. Nilimweleza juu ya mchezo, juu ya Bienfait, juu ya kijana wa Wandegeya. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Hapa Kampala, mutu gani wa hapa anasema Swahili vile? Ile ni sauti ya askari, Blandine. Mimi ninaijua."

Sikuweza kumlaumu. Hapa mjini mwenyeji akisema nawe Kiswahili bila kujikwaa, watu hunyoosha mgongo na kumuuliza anatoka kambi gani. Baba yangu alianguka barabarani tulipokuwa tunakimbia, na mama hakuwahi kuniambia zaidi ya hapo. Nilimwomba jambo moja tu, amwone Obita kwa macho yake. Alisali juu ya jambo hilo juma zima. Ndipo akaniapisha, na ndipo nikamwita Obita nyumbani, mimi mwenyewe nikiwa sijawahi kumwona.

Nje, jirani yetu Fatumah, mtu wa pwani, alikuwa barazani akichagua mchele kwenye ungo. Nilisikia sauti yake kwanza.

"Eh, Mama Blandine! Leo mmepata ulinzi? Afande amefika!"

Niliacha ufagio. Nikaenda mlangoni.

Alisimama wima. Kichwa kimenyolewa, shati jeupe, suruali yenye mkunjo mkali kama wembe, viatu vyeusi vinavyong'aa hadi nikaona mlango wetu ndani yake. Miguu ilikuwa pamoja. Mfuko wenye mkate na sukari aliubana kwenye mshono wa suruali kana kwamba mtu fulani angekuja kumkagua. Maskini Obita! Alikuwa ameleta nyumbani kwetu heshima yote aliyoijua, na heshima yote aliyoijua alifundishwa kambini.

Kisha akaniangalia.

Nilikuwa nimejiandaa kwa sura nyingi. Sikujiandaa kwa macho yale ya mtu mpole aliyechoka kidogo, ambayo yalipita usoni mwangu taratibu kama mtu anayesoma barua ya nyumbani. Sote tulisahau kusalimiana.

"Bukavu?" akanong'ona.

"Ndimi."

"Mimi nilifikiri wewe mrefu."

"Na mimi nilifikiri wewe una nywele."

Akacheka. Kile kicheko kirefu, nje ya hedifoni, chenye pumzi na meno na koo, kilinipitia mwili mzima.

"Aingie," mama akasema.

Aliingia, akavua viatu, akavipanga sambamba ukutani. Mama alivitazama viatu, akatazama mkunjo wa suruali, akafunga Biblia. Hakumsalimu. Hakuniambia nilete maji.

"Jambo, mama. Mimi naitwa Obita."

"Keti."

Aliketi ukingoni mwa kiti, mgongo umenyooka.

"Nani alikufundisha kukaa vile?"

"Baba, mama."

"Iko askari?"

"Alikuwa. Askari ya jikoni. Alipika posho na maharage maisha yake yote. Amekufa na ugonjwa wa sukari."

Mama aliinamisha kichwa kidogo kwa ajili ya marehemu, kisha akakiinua. "Na weye?"

"Mimi iko na chumba ya gemu, mama. Wandegeya."

"Unauzisha batoto ya batu vita."

"Mimi nauza muda tu, mama. Vita wanakuja nayo wenyewe."

Nilishika mdomo wangu nisicheke. Mama hakucheka, lakini kidole chake kilichokuwa kikigonga jalada la Biblia kilitulia.

"Washa ile mashini, Blandine," akasema. "Ninataka kuona yenye munafanya humo."

Tuliketi chini mkekani, mimi na yeye, pedi mkononi, mama nyuma yetu kwenye kiti chake kama mwalimu wa mtihani. Mabega yetu yalikuwa mbali kwa upana wa kiganja. Ndani ya Kikosi tulikuwa tumelala kwenye nyasi moja mara nyingi, bega kwa bega, na sikusikia kitu. Hapa upana wa kiganja ule ulikuwa na joto lake. Nilisikia harufu ya sabuni na ya pasi ya mkaa. Kidole changu kilikosea kitufe mara mbili.

"Bukavu, unatembea kama mlevi," akasema kwa sauti ya chini.

"Nyamaza, cheza."

Tulitua katika mji uliobomoka, pamoja na wageni wawili tusiowajua. Nilipunguza sauti ya bunduki mpaka ikawa kama mvua juu ya bati la jirani. Mgeni mmoja aliangushwa karibu na daraja. Obita akaenda. Nilimsikia mama akivuta pumzi kila alipotoka nyuma ya ukuta.

"Iko mutu pale!" mama akapaza sauti ghafla. "Kwa dirisha! Obita, dirisha!"

Obita aligeuka, akapiga, adui akaanguka. Mama aliweka mkono mdomoni, akashangaa kwa jina alilolitamka.

"Kumbe unapiga," akasema baadaye.

"Nikilazimika napiga, mama. Siwezi kukudanganya."

"Na ule mutu yenye kulala kwa daraja, iko mufu?"

"Hapana. Anangoja."

"Anangoja nani?"

"Yeyote wa upande wake."

Askari wa Obita alifika, akapiga goti, na yule mgeni, ambaye labda alikuwa mwanafunzi wa Nairobi au dereva wa Kigali, akainuka. Kutoka kwenye televisheni sauti yake ilitoka, ya furaha, katika lugha tusiyoijua.

Mama alisimama. Alisema akitazama ukuta, si sisi.

"Papa yake Blandine alilala mu barabara. Tulikuwa bengi, na batoto mugongoni, na hakuna mwenye angeweza kurudia. Mutu akirudia, anakufa naye. Lakini aliita. Nilimusikia akiita." Akapita kwenda jikoni na kurudisha pazia nyuma yake.

Sikuwa nimewahi kuambiwa kwamba baba aliita. Nilikaa na pedi mapajani, na mbele yangu mji uliobomoka ulififia kwa machozi. Niliomba kimoyomoyo bila kupanga maneno. Bwana, unamjua mama. Unanijua mimi. Sijui niombe nini.

Obita aliweka pedi chini. Alinyoosha mkono, akausimamisha hewani karibu na wangu, akaurudisha.

"Nimemuumiza mama yako. Niende?"

"Ukienda sasa, umekwenda kabisa."

"Kuna kitu sijakuambia," akasema.

Niligeuka. Kwa mara ya kwanza hakuniangalia.

"Baba mdogo wangu anataka niingie jeshi. Yeye alikuwa sajini. Amenitafutia nafasi, anasema chumba ya gemu si kazi ya mwanamume. Anangoja jibu langu. Mimi sijampa."

"Tangu lini?"

"Kabla sijakujua."

"Na ulikuja kukaa hapa mbele ya mama bila kusema?"

"Ndiyo maana nasema."

Nilitaka kumpiga na kumshika kwa wakati mmoja. Pazia lilisogea. Mama alikuwa amesimama pale, na nilielewa kwamba amesikia yote.

"Batoto ya kambi banafwata njia ya baba yabo," akasema taratibu. "Na weye roho yako inasema nini? Usiangalie Blandine. Niangalie mimi."

Obita alisimama kutoka mkekani. Safari hii hakubana miguu pamoja.

"Mama, ningeenda. Sitaki kusema uongo. Kule ndiko nyumbani, harufu ya kule ndiyo ya utoto wangu, na watu wa kule walinilea. Lakini mama yangu alikuwa akisimama getini lori zikirudi, anahesabu vichwa. Hata baba akiwa mpishi, alikuwa anahesabu. Mimi nilikuwa namshika sketi. Halafu jioni moja nilisikia huyu," akanielekezea kidevu, "anasema kwenye masikio yangu ati yeye anabaki nyuma ya ukuta aangalie mawingu. Mimi nikajiuliza, nani atasimama getini kwa ajili yangu? Yeye? Sitaki asimame."

"Hayo umeyaambia baba yako mudogo?"

"Bado."

Mama hakumharakisha. Hakumwomba. Alikaa tu kwenye kiti chake na kuweka mikono juu ya Biblia, na Obita akatoa simu mfukoni.

Aliongea Kiacholi, sikujua maneno. Nilijua sauti tu, maana sauti yake niliisomea kama wengine wanavyosomea kazi. Ilianza chini na kwa heshima. Kutoka simuni sauti ya mzee ilipanda, ikapanda zaidi, mpaka Obita akaisogeza mbali na sikio. Alijibu mara moja, kwa upole, kama mtu anayeweka chini mzigo ambao si wake. Kisha simu ikakatwa upande wa pili.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Anasema nisimwite mzee wangu tena." Alijaribu kutabasamu, mdomo ukakataa. "Baada ya baba na mama, ni yeye peke yake nilikuwa naye."

Nje Fatumah alikuwa ameacha kuchagua mchele, ungo ulinyamaza. Mama alimwangalia Obita kwa muda. Nilijua jinsi anavyoangalia kitambaa sokoni, akikigeuza, akikivuta nyuzi, akitafuta mahali kitakapochanika.

"Kwa hiyo hauna muzee," akasema.

"Sina, mama."

"Na siku ya mahari utakuja na nani?"

Sikuamini nilichosikia. Obita naye alifumba macho, akayafumbua.

"Mama?"

"Ninakuuliza. Kwetu kijana haji peke yake kama mutu anatafuta nyumba ya kupanga. Utaongea na muchungaji wetu, na atakuonyesha mutu muzima wa kusimama na weye. Na yule baba yako mudogo, utamupigia tena. Si leo. Akitulia. Mutu hatupi muzee wake sababu alimukaripia." Akageukia kwangu, na sauti yake ikawa kali kama kawaida, na ukali ule ulinifurahisha kuliko wimbo. "Blandine, unangoja nini? Musindikize mugeni."

Msomaji wa kwetu ataelewa. Kumsindikiza mwanamume barabarani, mchana wa Jumapili, na watu wa kanisa wakiwa wamejaa barazani, ni tangazo la uchumba. Mama alijua. Obita alijua. Fatumah alijua zaidi ya wote.

"Afande," akamwambia tulipopita, "usimkimbize, huyo hana mazoezi!"

"Mimi si afande, mama."

"Hata sisi tumesikia. Nyumba hizi hazina kuta!"

Tulitelemka njia ya matope, tukiruka madimbwi. Jua lilikuwa limetoka tena chini ya mawingu, na kila bati la Bukoto lilikuwa na mvuke. Watu wawili waliokuwa wameongea mwaka mzima hawakuwa na neno. Ndani ya mchezo nilijua atakwenda kushoto au kulia kabla hajasema. Hapa alitembea haraka mno, kisha polepole mno, mara tukagongana mabega, tukaombana samahani kama wageni benki.

Tulifika kituo cha bodaboda. Vijana wa boda wakamwita, akawapungia mkono.

"Basi," nikasema.

"Basi."

Hakuna aliyeondoka.

"Uliogopa?" nikamuuliza.

"Sana. Hata sasa." Alitazama mikono yake. "Nimepoteza mtu leo, Blandine. Nisikudanganye kwamba haiumi."

"Nitakuombea wewe na yeye."

"Yeye muombee zaidi."

Tulisimama. Mwanga ulimwangukia shavuni, na niliona kovu dogo karibu na sikio ambalo sauti haikuwahi kuniambia. Nilitaka kuuliza lilitoka wapi. Nilijua kwamba nitapata muda wa kuuliza, na kujua huko kulikuwa kama kuogelea kwenye maji ya uvuguvugu.

"Si vizuri urudi peke yako," akasema. "Ngoja nikusindikize."

Akanisindikiza hadi nyumbani. Tulipofika mlangoni ikawa si adabu kumwacha aende peke yake, nikamsindikiza tena hadi kituoni. Pale akasema giza litaingia baada ya muda, ingawa jua bado lilikuwa juu, akanirudisha. Safari hii tulikuwa tumeanza kuongea, na maneno yakaja kwa wingi, juu ya Bienfait, juu ya kovu, ambalo kumbe ni la kisu cha jikoni cha baba yake, juu ya kuku wa kambini aliyemwogopa utotoni. Vijana wa boda wakaanza kupiga miluzi. Tuliporudi nyumbani mara ya pili Fatumah aliangalia tu, akatikisa kichwa, akacheka ndani ya ungo wake.

Dirisha letu likafunguka. Mama alitoa kichwa, bila kilemba, mwiko mkononi.

"Blandine! Mugeni gani huyu anasindikizwa mpaka viatu vinaisha? Hana kwao?"

Obita alisimama katikati ya njia.

"Anako, mama," nikajibu.

"Basi mulete akule. Ugali inapoa, na mimi nimechoka kumuangalia akipita."

Aliingia mbele yangu. Alivua viatu haraka, kimoja kikaangukia ubavu, kingine kikabaki mbali mlangoni, na hakurudi kuvipanga.